Neno la Kinyozi

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Keti kwanza. Kama una mteja kwenye kiti, mnyoe umalize, usije ukamwacha na ndevu za upande mmoja kwa sababu yangu. Umeshaketi? Haya. Wimbo wetu unapigwa redioni.

Nimeusikia kwa masikio yangu mawili kwa fundi viatu. Alikuwa anagonga kisigino cha kiatu changu, redio imening'inia msumarini, mara namsikia mtu anaimba. Nikasema moyoni, huyu dada ananiiga vibaya sana. Kumbe ni mimi. Nikamwambia fundi, "Huyo anayeimba ni mimi." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, maana kiatu kimoja alikuwa nacho yeye, akasema, "Na mimi ndiye mtangazaji."

Unajua nilivyokuwa hapa. Hotelini nilikuwa mtu wa kona: wageni wanakula, mimi napiga piano, hakuna anayegeuza shingo. Sina kampuni, sina msimamizi, wimbo nimeurekodi na kuutoa mwenyewe. Sasa wageni wananyanyuka mezani kuja kuniuliza kama ni mimi yule wa "Anayefuata". Juzi mpishi alitoka jikoni na kofia yake, akasimama kusikiliza.

Unakumbuka nilivyokuwa naupiga kwenye piano ya ukumbi wa shule ya Mjomba? Nagonga nota moja, nasubiri. Naigonga tena, nasubiri, mpaka neno lije lenyewe, vile vile ulivyokuwa unaita wateja wakati mimi nimekaa kwenye benchi la duka na sare yangu ya shule. Studio fundi mitambo alinikatalia. "Dada, ukinyamaza hivyo, redioni watadhani mitambo imekufa." Tukabishana, mwisho tukapanga hivi: nota tatu, a-a-a, na pigo la nne neno linaingia: anayefuata! Baba, ungeona watu! Nikifika kwenye a-a-a wote wanapokea, hata wahudumu wenye sinia mikononi. Wanaimba kama na wao walikaa kwenye benchi lile.

Nimekuandikia kama kawaida yetu. Umeusikia? Umesema nini ulipousikia? Niambie yote.

Binti yako,
Chiriku

(Na ndilo jina ninalotumia jukwaani. Wewe ndiye uliyenibandika kwa ajili ya mdomo wangu usiotulia, kwa hiyo likitajwa redioni jilaumu mwenyewe.)


18 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Nakusalimu sana. Baba yako ameniomba nikujibu kwa niaba yake. Usishtuke. Shemeji yu mzima, ila ana wateja wengi, na koo lake limeingiwa na mafua kidogo. Tangu dada yangu, mama yako, atuache, mimi na yeye tunagawana kazi za nyumba zetu mbili kadiri kila mmoja anavyoweza. Yeye ananinyoa, mimi namsomea magazeti, na leo kazi ya kuandika imeniangukia mimi.

Wimbo tumeusikia. Mimi niliusikia sebuleni kwangu, nikasimama wima kama ninaimba wimbo wa taifa. Wewe unanijua: nimefundisha lugha mpaka nimestaafu, na siwezi kupita kwenye neno bila kulifungua nione ndani kuna nini. Tazama neno ulilolichagua. A- ni mtu. -Na- ni sasa hivi. -Ye- ni huyo huyo wala si mwingine. -Fuata ni kuja nyuma ya aliyetangulia. Sentensi nzima imejikunja ikakaa ndani ya neno moja. Na wewe umelikamata pale pale linapoanzia, kwenye ile a ya mwanzo, kabla mtu huyo hajajulikana ni nani. Ningekuwa bado nasahihisha madaftari ningekupa alama zote, nikaandika pembeni: mwandiko uboreshwe.

Mtaa mzima unauimba. Muuza nyanya anauimba, watoto wakitoka shule wanauimba, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anaukanyagia kwenye cherehani yake, sijui nguo za watu zinatoka na mishono gani. Duka la baba yako halijawahi kuwa na watu kiasi hiki. Siku hizi yeye haiti tena wateja. Anagonga kitana kwenye kioo, ti, na mtu anajua zamu yake imefika. Nimemwambia huo ni mtindo wa kisasa. Akatikisa kichwa.

Kunywa maji ya uvuguvugu kabla ya kuimba, na ukae wima kwenye piano. Mgongo wako hupinda ukifurahi.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kuna kitu hakikai sawa. Wewe ni mtu unayeweza kuandika kurasa mbili juu ya alama ya mkato. Juu ya mafua ya Baba umeandika mstari mmoja. Halafu mafua ya koo yamemzuiaje kushika kalamu? Baba aliwahi kuniandikia jino limevimba mpaka jicho moja limefumba, na bado akalitania hilo jino ukurasa mzima. Anaandika kuliko sisi wote. Kwenye karatasi ulimi wake haukwami, ndiyo maana nyumba yetu ni nyumba ya barua.

Nina habari nyingine, na ningependa kumwambia yeye kwanza. Nimealikwa kuimba kwenye ukumbi mkubwa wa jiji, ule wa viti vyekundu, tarehe ishirini mwezi ujao. Jioni nzima ni yangu na wasanii wengine wawili. Mratibu alinipigia mwenyewe. Ameniambia nisithubutu kufika bila "Anayefuata". Na nikifanya vizuri, kuna ziara ya miji kadhaa mwezi wa sita. Mjomba, nimepiga piano watu wakitafuna kwa muda mrefu sana. Naitaka ziara hii kuliko kitu chochote.

Gazeti limeandika kwamba ni wimbo wa mwanamke anayebadilisha wapenzi kama nguo. Anayefuata, ajipange! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye nikaacha kucheka. Ni Baba huyo, anaita kichwa kingine cha kunyoa.

Nimemwandikia mara mbili tangu barua yako, hajajibu. Mjomba, nakuomba kwa heshima zote: leo usinifundishe. Niambie.

Chiriku


10 Machi

Mpwa wangu,

Umenibana, na umenibana kwa haki. Nitakuambia, lakini itabidi univumilie nianze nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ulizaliwa ukalikuta limeshakamilika, ukadhani lilikuwepo siku zote.

Baba yako alipofungua duka lile, watu hawakuwa na subira naye. Alikuwa akianza neno, mteja analidaka na kulimalizia, mara nyingi silo. Yeye alikuwa akifanya hivi: anaweka mkasi chini, ananyamaza, anamtazama mtu kwenye kioo mpaka mtu huyo achoke kubahatisha. Kisha analianza tena neno lake na kulifikisha mwenyewe. Ilichukua miaka. Taratibu mtaa ulijifunza. Mpaka wewe unaanza shule, wanaume wazima walikuwa wanakaa kwenye benchi lile wamefunga midomo, wanasubiri kuitwa, na hakuna aliyeona ni ajabu. Kila mtu alijua kwamba kwa kinyozi yule, neno huja likiwa tayari.

Sasa nikuambie nilichokiona. Nilikuwa mimi mwenyewe kwenye kiti, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Benchi limejaa. Fundi cherehani akaingia.

"Kinyozi, zamu ya nani?"

Baba yako akageuka. "A-a—"

"Anayefuata!" Benchi zima, kwa sauti moja, na magoti yakapigwa kwa mdundo wako.

Wakacheka. Lazima niwatendee haki, hakikuwa kicheko cha ubaya. Ni kicheko cha watu wanaodhani wamealikwa shereheni. "Tunakuimbia, mzee!" fundi cherehani akasema. "Sasa wewe ni msanii. Bado kupiga picha tu na miwani myeusi."

Baba yako akatabasamu. Nilimwona kwenye kioo. Akajaribu tena, safari hii alitaka kumtaja mtu. "Mze-mze—" Nao wakadaka: "Mze-mze-mzee!" Wakaangua kicheko tena.

Tangu siku hiyo hajatamka neno dukani. Hapo ndipo kitana kilipoanza. Nyumbani kwangu naye anakuja, anakula, ananijibu kwa kichwa na mikono, anaondoka. Koo lake ni zima kama langu. Mafua niliyaleta mimi, kwa sababu nilitaka ufurahie jina lako kutajwa bila kivuli juu yake.

Unataka kujua nadhani nini. Nadhani anaona haya. Kigugumizi chake kilikuwa mali ya mtaa huu, watu waliomzoea, na sasa kimepelekwa hewani kila mtu akisikie. Jambo la namna hii hupoa lenyewe. Usifanye kitu, mpwa wangu. Tulia, jiandae na ukumbi wako.

Mjomba wako


17 Machi

Baba,

Mjomba ameniambia. Nisamehe. Sijui niliandike mara ngapi ndipo litoshe.

Sikuweza kutulia kama alivyotaka. Jana nilikuwa mgeni kwenye kipindi cha redio, kile cha asubuhi kinachosikilizwa na kila mtu. Mtangazaji akaanza na yale yale ya gazeti: "Haya, dada Chiriku, hao wanaume wamepanga foleni wangapi?" Nikamwambia hapana. Nikaeleza kila kitu. Nikasema baba yangu ni kinyozi, ana kigugumizi, na kile watu wanachokiimba kwa kucheka ni yeye akiita wateja wake kwa heshima. Nikataja mtaa wetu ili wanaokutania wajue nawasema wao. Nikasema atakayekucheka ananicheka mimi.

Baba, mtangazaji alilia. Simu zikaanza kuingia, watu wakiomba radhi, wengine wakisema na wao wana baba, wana kaka, mwenye shida kama yako. Nilitoka pale nikihisi nimekusimamia kwa mara ya kwanza.

Na ukumbini sitauimba. Nimeshaamua, ingawa mratibu hajui. Asipotaka nyimbo nyingine, basi na aniondoe.

Sasa watakuheshimu. Niandikie, hata mstari mmoja.

Chiriku wako


24 Machi

Chiriku,

Nilikuandikia usifanye kitu.

Jumatatu walikuja vijana wawili na kamera. Mmoja alijifanya mteja, akakaa kitini, na kichwa chake ni kipara kinachong'aa kama sahani. Baba yako akasimama na mashine ya kunyolea mkononi, anakitazama kile kichwa, hajui pa kuanzia. Yule mwingine akasema, "Mzee wetu, tuitie mteja mmoja tu, watazamaji wakusikie. Kidogo tu, mzee. Tumetoka mbali."

Jumanne wakaja watatu, wanawake wenye nia njema, na shada la maua. Wakamshika mikono. Kila alipofungua mdomo walimwambia, "Usijali, baba, usijilazimishe, tunaelewa." Hawakumpa nafasi ya kusema hata asante. Fundi cherehani alivuka barabara na kuomba msamaha mbele ya kamera, akiwa amevaa koti.

Jumatano baba yako aliwatoa wateja wote kwa ishara, akafagia nywele, akashusha mlango. Hajaufungua mpaka leo. Ila jana alikuja kwangu akaonyesha kwa mkono kwamba anataka karatasi. Nilimpa bunda zima. Mkimaliza kuandikiana, mniambie na mimi, maana nimeanza kuona kwamba katika jambo hili mimi ni mwalimu ambaye hajasoma kitabu chenyewe.

Mjomba


31 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima. Naandika mwenyewe, kwa sababu watu wawili wanaonipenda wamekuwa wakielezana jinsi nilivyo, na wote wawili wamekosea.

Sioni haya. Mjomba wako amezidisha. Kigugumizi changu si siri. Kila niliyewahi kumshika kichwa anakijua. Na kicheko nimekizoea kama nywele ndani ya kola, kinawasha kidogo, halafu unakung'uta.

Tatizo langu tangu utoto si kuchekwa, ni kumaliziwa. Niliwahi kuingia dukani kutaka maji. Nikasema "ma-ma—", muuzaji akanipa mafuta. Nikayachukua nikaenda nayo nyumbani, kwa sababu kulisahihisha kosa lile kungekula mchana wote. Mama yako, Mungu amrehemu, alinimalizia mpaka mwaka wa pili wa ndoa. Mjomba wako ananimalizia hadi leo, tena kwa maneno magumu ambayo mimi siyajui. Mtu akikumalizia anakuwa amekuambia kwamba ulichotaka kusema anakijua, na hakina thamani ya kusubiriwa.

Wewe hukunimalizia hata siku moja. Chiriku, mtoto ambaye hakuweza kunyamazia kitu chochote duniani, alikuwa ananyamazia hilo. Unatikisa miguu kwenye benchi, mdomo umeubana, macho kwangu, mpaka neno lifike. Sikukufundisha. Mtaa niliufundisha, wewe hapana.

Ndiyo maana uliponipigia ule wimbo pale shuleni nilitoka nje. Nilisema ni joto. Ulikuwa unagonga nota moja na kusubiri, na hukujua utasubiri mpaka lini, na ulikuwa tayari. Nilisimama kwenye veranda mpaka nilipoweza kurudi.

Huu wa redio si ule. A, a, a, halafu neno. Kila mara tatu. Mwanangu, mimi sina tatu. Siku nyingine ni moja. Siku nyingine neno halifiki kabisa, naliacha natafuta lingine. Mmeufunga ulimi wangu kwenye saa, na watu wakishajua saa ngapi, wanaweza kunisemea. Mtu mmoja aliyekuwa hanimalizii, ndiye aliyeufundisha umati kunimalizia. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Na kunitetea redioni ni hivyo hivyo. Umesimama ukanisemea mimi niko wapi, nina nini, naumia wapi. Nilikuwa nasikiliza. Hakuna aliyeniuliza.

Uuimbe au usiuimbe, hiyo ni kazi yako, siwezi kukuingilia. Na mimi sipendi mtu anishike mkono nikiwa na wembe. Nilitaka tu ulijue lenyewe, kwa maneno yangu, mpaka mwisho.

Baba yako


22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia wewe kwa sababu Baba sijui nimwandikie nini. Bila shaka ameshafika nyumbani. Hukuniambia atakuja. Labda na wewe hukujua.

Niliuimba. Baada ya barua yake nilijua kwamba kuuficha kungekuwa njia nyingine ya kuukwepa. Nilianza na nyimbo zangu nyingine, na watu walipiga makofi ya adabu, makofi ya watu wanaosubiri kitu kingine. Kisha nikaanza ule, na ukumbi ukachangamka, nikasikia viti vikilia watu wakijiinua.

Nilipofika pale nikagonga nota moja. Halafu nikaondoa mikono kwenye piano, nikaiweka mapajani.

Wakapiga kelele, "Anayefuata!" Sikusogea. Wakarudia, kwa nguvu zaidi, wakidhani ni mchezo. Wakapiga makofi ya mdundo. Nikagonga ile nota tena, moja, nikaacha. Mtu wa nyuma akauliza, "Umesahau, dada?" Mwingine akamjibu, "Anayefuata ni msanii mwingine!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kando ya pazia mratibu alikuwa anazungusha kidole, endelea, endelea, kama mtu anayekoroga uji.

Sikuwa naigiza, Mjomba. Nilikuwa nasikiliza kichwani mwangu neno lingefika lini kama ni yeye anayeita, na jioni hiyo lilichelewa. Ningeweza kulivuta. Sikulivuta. Mwisho wakanyamaza. Haukuwa ukimya wa heshima, ni ule wa watu walioanza kuona aibu kwa niaba yako. Humo ndani neno likaja, nikaliimba peke yangu, na hakuna aliyenipokea.

Wachache walisimama na kupiga makofi. Wengi walitazamana. Safu nzima ya mbele iliondoka kabla ya wimbo kuisha. Gazeti la jana linasema "Chiriku apotea jukwaani". Mratibu amesema kwa upole kwamba mambo ya mwezi wa sita watayaangalia upya, na mimi na wewe tunajua maana yake.

Hilo nitalimeza. Lililonikaa kooni ni jingine. Nilipotoka, kwenye mlango wa nyuma wanapopitishia vyombo, alikuwa amesimama Baba. Peke yake, amenyoa, shati limepigwa pasi. Akanishika kiwiko.

"U-u-ume—"

Nikasubiri. Mjomba, nilisubiri vizuri, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo. Nilikiona kile kidevu kikipanda, nikajua limekaribia. Mara mratibu akatokea na makaratasi yake.

"Umeimba! Mzee anasema umeimba vizuri! Asante sana mzee wangu, tunamchukua kidogo huyu, waandishi wanamngoja."

Baba alinitazama. Kisha akamgeukia mratibu, akamwitikia kwa kichwa: ndiyo, ndivyo nilivyotaka kusema. Akaniachia kiwiko. Nilipowakimbia waandishi na kurudi mlangoni, alikuwa ameshakwenda kupanda basi.

Haikuwa "umeimba", hilo nina hakika. Mdomo wake haukuwa umekaa hivyo. Wewe ni mtu wa lugha. Ume- nini, Mjomba?

Chiriku


28 Aprili

Mpwa wangu,

Umeniuliza swali la sarufi, nami nitakujibu kisarufi, kwa sababu kwingine sina jibu. U- ni wewe unayeambiwa. -Me- ni jambo lililokwisha kutendeka na bado lipo: aliyekaa amekaa, hajainuka. Baada ya hapo lugha yetu haikuambii chochote mpaka kitenzi kifike, na vitenzi vyote vina ruhusa ya kukaa pale. Umekua. Umekosea. Umenielewa. Umeniaibisha. Umekonda. Nimeandika orodha ndefu, nikaitazama, nikaichana, maana niliona nafanya kile kile alichofanya mratibu wako, tofauti ni kwamba mimi nina kamusi.

Hakuniaga alipokuja huko. Nilikuta tu nyumba yake imefungwa na nikadhani amelala. Aliporudi nilimsomea barua yako. Alikuwa ananoa wembe kwenye mkanda, taratibu, na hakuacha kunoa. Nilipomaliza nikamwambia, "Shemeji, bila shaka ulitaka kumwambia kwamba ameku—" Akainua kidole kimoja. Nikanyamaza. Mwalimu mzima nikanyamaza, na nikakaa kimya mpaka nilipoondoka.

Duka amelifungua tena. Kitana hakigongi, na wateja haiti. Anasimama kando ya kiti na kuwatazama, na wao wanainuka kwa kukisia, mara nyingine wawili kwa pamoja. Fundi cherehani anaingia amekunja mikono kama yuko msibani, anasema kwa kunong'ona, na nadhani hilo linamkera shemeji kuliko mdundo wa magoti. Sijui itakuwaje. Mtaa uliojifunza mara moja si lazima ujifunze mara ya pili.

Ameomba karatasi tena, safari hii moja tu.

Mjomba wako


5 Mei

Mwanangu,

Mjomba wako amenisomea unachouliza.

Ningeweza kukujibu hapa. Kalamu yangu haikwami. Neno lenyewe ni fupi, lingekaa kwenye mstari huu na nafasi ingebaki.

Lakini sikukaa kwenye basi tangu alfajiri nikilibeba mdomoni ili nije kulitia kwenye karatasi. Nililileta kwa sauti. Yule bwana aliweka neno lake juu ya langu, na mimi nikamwachia, kwa sababu ulikuwa mbele ya watu wa kazi yako na nilidhani nakusaidia. Sikupaswa kumwachia. Wewe pale mlangoni hukukosea kitu.

Usilitafute. Usimwulize tena mjomba wako, ana maneno mengi mno. Usilitungie wimbo. Na usijipe moyo wala usijitie hofu, huenda ukalipenda, huenda usilipende.

Jumanne mchana wateja huwa wachache. Njoo. Nitafunga mlango, tutakaa ndani wawili. Hutapiga kitu, hutaandika kitu. Siwezi kukuahidi kwamba siku hiyo litatoka. Likikataa, utalala hapa, tutajaribu kesho yake.

Baba yako